Kinu cha Maji Kilichojengwa Mlimani

Vijana wangu, kwanza mnisamehe mwandiko. Herufi zangu zinalala upande kama mahindi baada ya mvua ya mawe, na makosa ya tahajia mtayakuta mengi, maana elimu yangu ni ya darasa la saba, tena la mtu aliyekuwa akikaa nyuma ili asiulizwe. Naandika polepole. Ukurasa mmoja unanichukua kutoka chai ya asubuhi mpaka jua linapohamia dirisha la upande wa pili. Kwa hiyo mkiona nimeruka jambo msidhani nimeficha. Mkono umechoka.

Kijana mmoja wa ofisi ya ardhi alikuja hapa kwangu Ilomba. Akasema ninyi mnaoanza kazi ya upimaji mnataka kujua zamani watu waliombaje ruhusa ya kujenga kando ya mito. Nikamwambia waliomba kama wanavyoomba sasa, yaani kwa kujenga kwanza. Akacheka sana. Mimi sikuwa nimetania, lakini alikuwa mgeni, nikamwacha acheke.

Miaka ya sabini nilikuwa kijana mwenye haya. Nikisalimiwa na watu wawili kwa pamoja nilikuwa naitikia mmoja, wa pili namjibu kesho yake. Ofisi ya ardhi Mbeya waliponichukua, walinipa kazi ya kushika cheni ya kupimia. Cheni ina ncha mbili. Ncha ya kwanza hukaa na mpima, ambaye husimama na wenye mashamba, hujibu maswali na hutukanwa. Ncha ya pili hushikwa na mtu anayesimama peke yake kwenye matete. Nilipoulizwa nataka ipi sikuchelewa kujibu.

Kanuni tuliyoisimamia ilikuwa fupi. Kila mto au kijito kinachotiririka mwaka mzima kina ukingo wake, umbali uliowekwa kuanzia pale maji yanapofika yakijaa. Ndani ya ukingo huo hakuna kujenga wala kulima. Sisi tulipima, tukapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu, tukaondoka. Aliyekuwa na sababu nzito aliweza kuomba ruhusa maalumu kwenye kamati ya wilaya. Katika kazi yangu yote sijakutana na mtu mwenye sababu nyepesi.

Aliyenifundisha ni mpima wetu, Bwana Sanga, Mkinga aliyetoa maneno kama duka la ushirika lilivyotoa sukari wakati ule: kidogo, na siyo kila siku. Mara ya kwanza tulipokwenda mtoni nilijikaza nikamwuliza mwenye kiwanja, "Mzee, maji yakijaa yanafika wapi?" Yule mzee akanionyesha mahali ambapo hata chura asingelowa. Bwana Sanga akanivuta pembeni.

"Huyo usimwulize," akasema. "Maji ya mwenye kiwanja hayajai kamwe."

Akanionyesha namna ya kutazama. Inua macho kwenye matawi ya vichaka. Ukiona vijiti na majani makavu yamenasa juu ya kichwa chako, ujue maji yalipita hapo, hata kama leo unasimama na viatu vikavu. Tazama na mizizi iliyooshwa udongo. Ukiwa bado na shaka, mtafute anayefua nguo. Mfuaji hana sababu ya kukudanganya, anataka tu uondoke kwenye jiwe lake.

Hayo niliyatumia mpaka nastaafu. Siku hizi naambiwa mna vyombo vinavyoongea na mbinguni. Vizuri. Lakini na matawi mtazame.

Watu wa kuomba ruhusa walikuwa na akili nyingi. Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja Chimala aliyetaka kujenga ghala la mpunga ukingoni. Kamati ikamkatalia. Tuliporudi baada ya masika tukakuta kijito kimehama. Alikuwa amekichimbia njia mpya, kikapita kwenye shamba la jirani.

"Ndugu zangu," akatuambia, "mto wenyewe umeamua."

Jirani yake alikuwa amesimama nyuma yake na jembe begani, naye alikuwa na maamuzi yake. Tukapima haraka haraka siku ile.

Na Rujewa, kwenye uwanda wa Usangu, kulikuwa na mzee wa mifugo aliyehamia na familia yake kutoka kaskazini. Huyu hakuomba chochote. Alitutazama tukipigilia vigingi mchana kutwa, amekaa juu ya kigoda chake, na tulipomaliza akauliza, "Mpima, hili jambo umewaeleza na ng'ombe?" Tulicheka. Wiki iliyofuata vigingi vyote vilikuwa vimelala, maana ng'ombe waliviona vinafaa kwa kujikunia. Ndipo nilipojifunza kwamba kigingi cha Usangu hupigiliwa katikati ya kichaka cha miiba. Mpigiliaji anaumia mara moja, kigingi kinakaa miaka.

Lakini nikifikiria habari za ruhusa maalumu, anayenijia kwanza ni Fundi Mlowe, na kijiji chake kitabaki bila jina. Kiko upande wa Iringa, ambako mimi na Bwana Sanga tuliazimwa kwa muda, kwenye baridi, kule ambako ukungu unaingia jikoni bila kupiga hodi.

Watu wa kijiji kile walikuwa wamehamishwa kutoka bondeni, wakapangwa juu kwenye mgongo wa mlima, nyumba kwa mistari, kama ilivyofanyika kila mahali miaka ile. Bondeni walikoacha kulikuwa na kinu cha maji. Fundi Mlowe ndiye aliyekijenga. Alikuwa amefundishwa useremala na uashi na wamisionari tangu ujana, na alikuwa mtu wa kufanya kama alivyoambiwa, mpaka mwisho. Walipohama hakukubali kuyaacha mawe yake mawili ya kusagia. Yalivutwa na ng'ombe mpaka juu, yakalazwa uani kwake. Yakakaa hapo.

Kijiji kipya hakikuwa na mashine wala kinu, kwa hiyo wanawake wakarudi kwenye mchi. Asubuhi ukifika pale unasikia mlima mzima unagonga. Mke wa Fundi, Mama Mlowe, hakuwa kijana tena, na mabega yalikuwa yanamsumbua hata kuinua mikono kufunga kitambaa. Lakini alitwanga, maana ugali hauulizi bega.

Kulikuwa na kijito kizuri chini kidogo ya kijiji. Fundi Mlowe akaomba ruhusa ya kujenga kinu hapo. Kinu cha maji hakuna mahali pengine kinapokaa, kinakaa kwenye maji, na kwenye maji ndiko kwenye ukingo. Kamati ikakaa, ikajibu kwamba mwombaji anashauriwa kujenga kinu chake nje ya ukingo wa mto.

Tulipeleka jibu hilo mimi na Bwana Sanga kwa Landrova. Mama Mlowe akatupokea.

"Kamwene."

"Kamwene, mama," akaitika Bwana Sanga. Mimi nikaitikia kwa ndani.

Akatuwekea viazi na chai ya maziwa. Nikachukua kiazi changu nikageukia ukuta, maana nilikuwa siwezi kula mtu akinitazama. Mama Mlowe akaweka mikono kiunoni.

"Huyu naye mbona anakula kama mkwe? Wewe, umemuoa nani hapa ndani ambaye sijaambiwa?"

Toka siku hiyo hakuniita jina lingine. Nilikuwa Mkwe kwa kijiji kizima, na watoto wakinifuata nyuma wakiuliza mahari.

Bwana Sanga akasoma jibu la kamati. Fundi Mlowe alisikiliza amekunja mikono, akaomba lisomwe tena.

"Nje ya ukingo," akasema.

"Ndiyo, mzee."

"Kinu cha maji."

"Ndiyo."

"Na maji je?"

Bwana Sanga akatazama nje. "Maji hayakutajwa."

"Nitayapeleka mimi kichwani," akadakia Mama Mlowe. "Nachota debe, napanda, namwaga juu ya gurudumu, nashuka tena. Mpaka unga wa uji wa mtoto upatikane, mtoto ameshaoa."

Pale alikuwepo na mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Chengula, mtu mwenye koti na kofia hata jikoni. Hakuwa mbaya. Alipenda tu mambo ya kijiji chake yaonekane kutoka barabarani. Akatueleza kwamba kijiji jirani kina kijito chenye maporomoko mahali pasipo na kigingi, na viongozi wa juu wameshaulizia yale mawe.

"Fundi, mimi nitayashikilia mpaka mavuno yajayo," akasema. "Yakiwa hayasagi hapa, yatakwenda kusaga huko. Mawe ni ya maendeleo, siyo ya kukaliwa na kuku."

Kweli kulikuwa na kuku juu yake.

Mama Mlowe aliyatazama yale mawe kupitia mlangoni, kisha akatazama kinu chake cha kutwangia kilichosimama uani.

Bwana Sanga akaona huruma, na huruma kwake ilikuwa nadra, ndiyo maana hakuizoea. Akamweleza Fundi desturi ya kamati. Kamati, alisema, haimpi mtu ruhusa ya ukingoni mpaka ionyeshwe kwamba amejaribu mahali pengine na pameshindikana. Hapo ndipo sababu inakuwa nzito.

"Nijaribu pengine," akasema Fundi Mlowe.

"Ndiyo. Na waone kwamba umejaribu."

"Sawa."

Vijana, ukimweleza mtu jambo la kanuni usiondoke kabla hajakueleza yeye alichosikia. Bwana Sanga alikuwa na maana kwamba mzee azunguke na mwenyekiti, waangalie sehemu mbili tatu, waseme hazifai, basi. Hivyo ndivyo kila mtu alivyofanya. Tukapanda gari tukaenda zetu Iringa, na kazi nyingine zikatushika.

Tuliporudi baridi ilikuwa imekwisha na mvua zimeanza. Tukiwa bado mbali barabarani nikaona jengo jipya kule juu, mgongoni mwa mlima. Nikadhani ni kanisa. Tulipokaribia nikaona lina gurudumu.

Fundi Mlowe alikuwa amejenga kinu cha maji juu ya mlima. Kuta za tofali za kuchoma, paa la nyasi lililokatwa vizuri pembeni, gurudumu la mbao refu kuliko mtu, na mfereji wa mbao wa kuleta maji juu ya gurudumu, umeinuliwa kwa nguzo, mdomo wake wazi kuelekea mawinguni. Mawe yalikuwa yameshafungwa ndani. Kijiji kizima kilikuwa kimefanya msaragambo, kazi ya pamoja. Wanaume walikata mbao, wanawake walibeba maji ya kukandia udongo kutoka kwenye kile kile kijito, na pombe ya ulanzi ilinywewa kwa kadiri ya kazi. Nadhani katikati ya ulanzi na tofali hakuna aliyeuliza swali, na aliyeuliza alijibiwa kwamba ni agizo la serikali.

Bwana Sanga alikaa ndani ya gari muda kidogo kabla ya kushuka.

"Mzee," akasema, "hii ni nini?"

"Nimejaribu pengine."

"Kinafanya kazi?"

Fundi alifikiri kwanza, maana hakupenda kusema uongo. "Mvua ikija na upepo, gurudumu linazunguka robo. Halafu linasita."

"Mwambie na ile siku ya mvua ya mawe," akasema Mama Mlowe. "Siku ile lilizunguka mpaka kuku wakakimbia. Unga hatukuona."

Nilisubiri Bwana Sanga akasirike. Akavua kofia, akazunguka lile jengo, akagusa meno ya gurudumu, akarudi. "Sijaona mtu aliyejaribu kama huyu," akaniambia. "Kamati ije."

Kamati ikaja. Iliongozwa na Katibu, kijana wa kaunda suti aliyetembea mikono nyuma. Akaingia ndani ya kinu, akagonga ukuta, akatazama mawe, akatoka amefurahi sana. Akasema kazi kama ile ya mikono ya wananchi wenyewe ndiyo kujitegemea. Ndugu Chengula akapiga makofi. Watu wote wakapiga makofi.

"Kipo nje ya ukingo?" Katibu akauliza.

Tukapima. Nilishuka na cheni mpaka kwenye matete, nikapanda. Kilikuwa nje. Kilikuwa nje sana.

"Basi," akasema Katibu, "ndugu mwombaji aliomba kinu, kamati ikamshauri ajenge nje ya ukingo, na amejenga. Sioni tena ombi hapa. Ombi limefungwa."

Makofi yakapigwa tena. Fundi Mlowe naye alipiga, kwa sababu wote walikuwa wanapiga. Mama Mlowe peke yake ndiye aliyekwenda akarudi na ungo wa mahindi, akauweka mbele ya Katibu.

"Baba, saga basi."

"Mama, kinu kimekamilika."

"Nimekiona. Saga."

"Kusaga ni hatua inayofuata," akasema Katibu, akaangalia saa.

Walipoondoka, nilimkuta Fundi Mlowe amekaa chini ya lile gurudumu lake. Nilitaka kumpa pole. Nilitafuta maneno mpaka Landrova ikapiga honi, nikaondoka bila kuyapata.

Kitu kimoja kiliendelea pale mlimani. Wageni walianza kupitishwa kukiona kinu, na Ndugu Chengula aliona wageni hawana pa kukalia. Akajenga ofisi mpya ya kijiji ubavuni mwa kinu kile, ukuta wa mbele ukitazama barabara. Ikawa na meza, kabati na bendera. Mawe ya Fundi, hata hivyo, aliyakumbuka. Mavuno yakifika mawe bado hayasagi, yangeng'olewa. Alisema kwa masikitiko, lakini alisema.

Aliyefumbua jambo ni Mama Mlowe, tena kwa hasira. Tulipopita tena kule tulimkuta anatwanga. Akatupa mchi chini, akamwambia mumewe mbele yetu, "Kinu kimekatazwa kwenda kwa maji. Maji yamekatazwa na nani kuja kwa kinu?"

Fundi akamtazama Bwana Sanga. Bwana Sanga akanitazama mimi. Kanuni ilikataza kujenga na kulima ukingoni. Kuchimba mfereji haikutaja. Ruhusa ya kutumia maji ilikuwa ya ofisi nyingine, nayo ilitoka bila shida, kwa sababu ofisi ile haikuwa na habari na ya kwetu.

Basi siku ya Jumapili baada ya ibada, siku ambayo hatukuwa kazini, Bwana Sanga alitoa chombo chake cha kupimia usawa, mimi nikashika fimbo ya kupimia, tukaufuata mlima kwenda juu kwenye chanzo cha kijito. Kule juu maji yalikuwa juu kuliko kinu. Ni suala la kuyazungusha kwa upole ubavuni mwa mlima. Hapa msikilize, maana hili bado lina faida. Mfereji ukiupa mteremko mwingi unakula udongo na siku moja unaondoka na shamba la mtu. Ukiupa mdogo unalala, unaota magugu, na vyura wanahamia. Mchimbe kipande, mmwage maji, mtupie jani. Mtu akitembea kawaida pembeni na jani likawa naye sambamba, mteremko ni mzuri. Likimwacha, punguzeni. Panapovuja zibeni kwa udongo wa mfinyanzi uliokandwa na majani, mkanyage kwa miguu.

Wanawake walichimba. Wanaume walikuja walipoona wanawake wanakaribia kumaliza. Mahindi shambani yalikuwa yameshaanza kukauka, na Ndugu Chengula alikuwa ameshaambiwa trela la kubebea mawe linatafutwa.

Siku maji yalipoletwa, kijiji kizima kilisimama mlimani. Yalikuja polepole, machafu, yakisukuma majani na mende mbele yake. Yakaingia kwenye mfereji wa mbao, yakasita, yakaanguka juu ya gurudumu. Gurudumu likazunguka robo. Likaendelea.

Sitaeleza kelele zilizopigwa. Mama Mlowe alikuwa analia na kumtukana mumewe kwa Kibena, vyote kwa pamoja, kwa mapenzi.

Bwana Sanga hakupiga kelele. Alikuwa anatazama yale maji yanayotoka chini ya kinu na kushuka zake.

"Mama," akauliza, "haya yatapita hapa kiangazi na masika?"

"Mwaka mzima!" akasema Mama Mlowe kwa fahari. "Hayakauki haya, hata siku moja!"

Bwana Sanga akafumba macho. Kisha akaniambia, "Lete vigingi."

"Bwana, leo?"

"Maji yanatiririka mwaka mzima. Tusipopima sisi atapima mwingine, naye hatakuwa amekula viazi vya hapa."

Nikaleta vigingi. Fundi Mlowe alituona, akaelewa kabla hatujafungua cheni, akakaa chini. Kinu kilikuwa ndani ya ukingo. Kilikuwa ndani kuliko kitu chochote nilichowahi kupima, maana maji yalipita ndani yake.

"Pole, Fundi," akasema Ndugu Chengula, akatikisa kichwa. "Kanuni ni kanuni. Umejitahidi."

Mimi nilikuwa bado natembea na ncha yangu ya cheni, maana ukingo ulikuwa haujaisha. Nikapita uwanja wa kinu. Nikapita bendera. Nikafika mlango wa ofisi ya kijiji, nikabisha hodi, nikaingia. Nikapita meza. Ndugu Chengula akanifuata mbio.

"Wewe Mkwe! Hicho kigingi unakipeleka wapi?"

Nilikuwa sijawahi kumjibu kiongozi. Lakini cheni ilikuwa imenyooka mkononi, na Bwana Sanga ameshika ncha yake huko nje.

"Bado, Ndugu Mwenyekiti," nikasema. "Ukingo unaishia nyuma ya kabati."

Sakafu ilikuwa ya udongo, kigingi kiliingia vizuri.

Sijaona ombi la ruhusa maalumu lililokwenda mbio kama lile. Ndugu Chengula alilipeleka mwenyewe wilayani, amevaa koti lake. Kamati ilikuja trela la mawe likiwa bado halijapata tairi. Katibu alisimama katikati ya ofisi, akatazama kigingi changu, akatazama picha ya Rais ukutani na kabati. Akauliza kama kuna sababu nzito.

"Ndugu Katibu," akasema mwenyekiti, "ofisi haina mahali pengine pa kukaa. Tumejaribu."

Ruhusa ikatolewa pale pale. Ilikuwa ya ofisi ya kijiji, pamoja na majengo mengine yaliyo karibu yanayotumiwa na wananchi. Jengo lingine lililokuwa karibu lilikuwa moja.

Mahindi ya kwanza yalikuwa ya Mama Mlowe. Hakukubali mtu amtangulie, na hakuna aliyejaribu. Fundi alifungua lango la maji, mawe yakaanza kunguruma, unga ukatoka. Akaukinga kwa kiganja, akausugua kwa kidole gumba.

"Mnene," akasema. "Nisogeze jiwe la juu."

"Uache hivyo hivyo," mkewe akamwambia. "Kwanza tule. Mkwe, lete ungo, na leo utakula umegeukia watu."

Nilikula nimegeukia watu. Haikuwa mbaya kama nilivyodhani.

Fundi Mlowe na mkewe wote wametangulia, na Bwana Sanga pia. Mimi baadaye nilipelekwa sehemu nyingine na sijarudi kule. Ila juzi nimesikia kwa mtu wa mbao kwamba kijiji kile kinajenga ofisi mpya ya saruji, chini kabisa karibu na lami, na kwamba ile ya zamani inataka kubomolewa, kwa sababu mchwa wameiweza. Kinu, alisema, kilikuwa bado kinasaga alipopita.

Vijana, ile ruhusa ni ya ofisi. Kinu kimo humo kama mtu aliyeingia harusini kwa kadi ya mwenzake, na mwenzake sasa anaondoka. Yeyote kati yenu atakayepangiwa upande ule, nawaomba mniandikie, mmpe kijana aliyewaletea karatasi hizi, atanifikishia. Nielezeni kama ofisi imesimama na kama mawe yanazunguka. Na mkiikuta ofisi imebomolewa, tafadhali, niandikieni mimi kwanza, mngoje jibu langu, kabla hamjashusha vigingi kwenye gari.